Bawa la ziada na seli ambazo hazikuguswa

Mwaka 1994 Konrad Basler wa Chuo Kikuu cha Zürich na Gary Struhl wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha katika jarida la Nature mabawa ya nzi ambayo upande wake wa mbele ulikuwa umejirudia. Mishipa ya upande huo ilijitokeza mara mbili, ya pili ikiitazama ya kwanza kama taswira kwenye kioo. Kilichofanyika ni kuwasha jeni moja, hedgehog, mahali ambapo kwa kawaida huwa imezimwa. Matokeo hayo yamo katika vitabu vingi vya biolojia ya ukuaji. Njia iliyowafikisha huko huelezwa kwa nadra, nami naona ndiyo yenye thamani kubwa zaidi.

Nzi huyo ni Drosophila melanogaster, yule mdogo anayezengea ndizi zilizoiva kupita kiasi. Asichanganywe na nzi anayetoboa maembe na kuwatia hasara wakulima wetu. Huyo ni Bactrocera, wa familia nyingine kabisa. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, Drosophila hutoka yai hadi nzi kamili kwa takriban siku 10. Bawa lake huanza mapema, ndani ya buu, kama kifuko cha seli chache tu, 50 hivi au pungufu, ambazo huongezeka hadi makumi ya maelfu kabla buu hajawa pupa. Wanabiolojia hukiita kifuko hicho diski ya bawa.

Diski ina sehemu mbili, ya mbele na ya nyuma, na seli za upande mmoja hazivuki mpaka kwenda upande wa pili. Seli za nyuma hutengeneza protini ya Hedgehog na kuitoa nje, lakini zenyewe haziitikii. Zinazoitikia ni seli za mbele zilizo karibu na mpaka: nazo huwasha jeni nyingine ya ishara, decapentaplegic, ambayo kwa kifupi huitwa dpp. Hivyo hutokea mstari mwembamba wa seli zinazotoa protini ya Dpp katikati ya diski, na protini hiyo husambaa pande zote mbili, ukolezi wake ukipungua kadiri inavyouacha mstari.

Sasa, mtu anayetaka kujua Hedgehog inaweza kufanya nini angeweza kuiwasha katika diski nzima. Zana ilikuwapo. Mwaka 1993 Andrea Brand na Norbert Perrimon walitoa mfumo wa GAL4, protini ya hamira ambayo nzi hana: nzi mmoja hubeba GAL4 katika tishu iliyochaguliwa, mwingine hubeba jeni inayongoja GAL4, na wakipandishwa watoto wao huiwasha jeni hiyo katika tishu ile tu. Ni mfumo mzuri, na maabara nyingi duniani zinautumia hadi leo. Lakini ishara inayofanya kazi kwa sababu ipo hapa na haipo pale, ukiimwaga kila mahali, unafuta jambo lenyewe ulilotaka kulisoma. Diski iliyojaa Dpp kote huvimba na kupoteza mpangilio. Utajua kwamba jeni ina nguvu ya kukuza, hutajua inapangaje.

Basler na Struhl walichagua kiraka kidogo cha seli. Mbele ya jeni ya hedgehog waliweka swichi inayofanya kazi katika seli zote, kisha kati ya swichi na jeni wakapachika kipande cha DNA kinachozuia usomaji. Kipande hicho kilizungukwa na alama mbili ambazo kimeng'enya kiitwacho FLP, nacho cha hamira, huzitambua na kukata. FLP yenyewe iliwashwa kwa kumpasha buu joto kwa muda mfupi. Katika seli chache tu, bila mpangilio, kizuizi kilikatwa, na kuanzia hapo seli hizo na vizazi vyake vyote vikatoa Hedgehog. Kizuizi kilipoondoka kiliondoka na jeni ya utambulisho, kwa hiyo vinyweleo vya seli zilizobadilishwa vilikuwa na sura tofauti na vya jirani zao.

Utambulisho huo ndio uliobeba hoja. Ulipokitazama kiraka upande wa mbele, uliona kwamba sehemu kubwa ya bawa la ziada ilijengwa na seli ambazo hazikuguswa kabisa, zenye jeni zao za kawaida. Zilikuwa zimeipokea ishara ya jirani na kujipanga upya kuizunguka. Viraka vya upande wa nyuma havikubadilisha kitu, na hilo linaingia akilini: huko Hedgehog imejaa tayari na seli haziitikii. Jaribio moja lilikuwa limebeba kipimo chake cha kujilinganisha ndani ya diski ileile. Mwaka 1995, wakiwa na Myriam Zecca, walionyesha kwamba viraka vya Dpp huweza kuchukua nafasi ya Hedgehog, na hivyo vilipanga bawa upya mbele na hata nyuma.

Swali gumu zaidi likabaki. Je, Dpp husafiri yenyewe hadi seli za mbali, au humwambia jirani, naye akapokezana na wa pili? Mwaka 1996 kundi hilohilo, Denise Nellen akiwa mwandishi wa kwanza, lilijibu kwa namna ambayo bado naistaajabia. Walitengeneza viraka vya aina mbili. Vya kwanza vilitoa Dpp. Vya pili vilikuwa na kipokezi cha Dpp, Thickveins, kilichobadilishwa kikawa kimewaka daima hata bila ishara. Kisha wakatazama jeni zinazotii Dpp. Kwenye viraka vya Dpp, jeni hizo ziliwaka ndani ya kiraka na kwa jirani zake pia. Kwenye viraka vya kipokezi ziliwaka ndani tu, na kukomea ukingoni. Kama ujumbe ungekuwa wa kupokezana, kipokezi kilichowaka nacho kingeuanzisha. Hakikuuanzisha. Dpp hufika yenyewe.

Hata hivyo majaribio haya ya kuwasha jeni kupita kawaida yana mpaka wake, na wasomaji wengi huuruka. Yanaonyesha kile ambacho jeni inaweza kufanya ikipewa nafasi. Hayathibitishi kwamba ndicho inachofanya siku zote. Mwaka 2015 Takuya Akiyama na Matthew Gibson waliiondoa dpp kutoka kwenye mstari wa katikati wakati diski ikiendelea kukua, wakaripoti kwamba ukuaji uliendelea. Taarifa hiyo iliutikisa uwanja mzima. Mwaka 2017 kazi tatu katika jarida la eLife, mojawapo ikiwa na jina la Basler, zilionyesha kwamba Dpp ya mstari huo inahitajika ili bawa likue. Sehemu kubwa ya mjadala ilikuwa juu ya wakati na ukamilifu wa kuiondoa jeni: ikikatwa kwa kuchelewa, au zikisalia seli chache zinazoitoa, diski huendelea kukua kwa ishara iliyobaki.