Bahasha Nzuri Hujulikana kwa Mikunjo Yake

Bahasha iliyotengenezwa kwa mkono hubeba vitu vya heshima: kadi ya harusi, mchango wa sherehe, rambirambi, barua ya mtu anayependwa. Mafundi huikata kutoka kwenye karatasi za kila namna, kama vile kalenda zilizopitwa na wakati, ramani za zamani, mifuko ya saruji, karatasi za kufungia zawadi na karatasi zilizotengenezwa upya kutokana na mabaki. Mnunuzi akifika mezani huvutwa kwanza na rangi, na wengi huishia hapo. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maua yaliyochapwa kwenye karatasi ni kazi ya mtu mwingine. Kazi ya fundi wa bahasha ni kuchagua, kupima, kukata, kukunja na kubandika. Hiyo ndiyo unayoilipia, na hiyo ndiyo unayopaswa kuikagua.

Karatasi

Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Bahasha hupendeza zaidi ikiwa na gramu 90 hadi 120: maandishi ya ndani hayaonekani kwa nje, na mkunjo unalala vizuri. Ikiwa nyepesi sana hukunjamana mkononi. Ikiwa nzito sana hupasuka kwenye mikunjo.

Kila karatasi ya zamani ina tabia yake. Kurasa za magazeti ya habari hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti, ndiyo maana hugeuka manjano na kuvunjikavunjika baada ya muda. Zinafaa kwa mchezo wa watoto, wala si kwa barua itakayotunzwa. Kurasa za majarida na kalenda zimepakwa udongo mweupe laini ili zing'ae. Zikikunjwa bila uangalifu, rangi hubanduka na kuacha mstari mweupe, na wino wa kalamu huteleza juu yake. Ramani huchapwa kwenye karatasi imara, ila chunguza mikunjo yake ya awali: hapo nyuzi zimekwisha kuchoka, na fundi makini huikwepa anapokata. Mfuko wa saruji una nyuzi ndefu na nguvu nyingi. Mafundi wazuri huchukua tabaka za ndani zilizo safi, kwa kuwa vumbi la saruji huwasha ngozi na kuharibu gundi.

Kuna pia karatasi zinazotengenezwa kwa mkono tangu mwanzo. Pale Iringa, Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, ikiwemo ile ya kinyesi cha tembo. Tembo humeng'enya chini ya nusu ya anachokula, hivyo nyuzi za majani na magome hubaki tayari kwa kuchemshwa, kuoshwa na kutandazwa. Japani wana washi, inayotokana na nyuzi ndefu za gome la mti wa kozo. Uturuki wana ebru, karatasi inayolazwa juu ya rangi zinazoelea kwenye maji. UNESCO iliziingiza sanaa zote mbili katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Ukikutana na karatasi ya mkono, iinue kwenye mwanga. Nyuzi zionekane zimesambaa sawasawa, pasiwe na sehemu nyembamba kama utando. Kisha inuse: karatasi iliyooshwa na kukaushwa vizuri hainuki kinyesi wala ukungu.

Mkunjo

Hapa ndipo fundi hujitofautisha na mwingine. Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo wa nyuzi, kwa sababu mashine huzilaza upande mmoja. Ipinde taratibu pande zote mbili: upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Mkunjo unaofuata nyuzi hutoka laini. Unaokata nyuzi hupinga na kupasuka. Bahasha ina mikunjo ya urefu na ya upana, kwa hiyo fundi hawezi kuukwepa upande mgumu. Dawa yake ni kuchora mstari wa mkunjo kwanza kwa mfupa au kitu butu kisichokata, akifuata rula, ndipo akunje.

Basi usiangalie mkunjo uliokuja vizuri wenyewe. Tafuta ule unaokata nyuzi, upitishe ukucha juu yake, kisha utazame kwa karibu. Ukiwa umenyooka, haujapasuka na haujapoteza rangi, umempata mtu anayejua kazi.

Baada ya hapo geukia pembe za chini. Mbawa mbili za pembeni zinapokutana na ubawa wa chini, mara nyingi hubaki tundu dogo ambalo vumbi huingilia na ncha ya kadi hutokea. Pembe nzuri imefungika bila kuvimba.

Gundi

Ingiza kidole ndani na upapase mshono. Gundi iliyovuja hugeuka matuta magumu na siku moja itaing'ang'ania barua. Gundi nyeupe ya dukani ikipakwa nyingi huilowesha karatasi, nayo hukauka ikiwa na mawimbi. Uji wa unga wa ngano au muhogo hushika vizuri ukiwa mwepesi na umechujwa, lakini ukiwa mzito huwaita wadudu. Mstari mwembamba uliokaribia ukingo unatosha.

Angalia pia ubawa wa chini umelala wapi. Ukibandikwa juu ya mbawa za pembeni, kwa upande wa nje, barua huteleza hadi chini bila kukwama. Ukiwa ndani, ncha ya kadi huupiga na kuubandua.

Mfuniko wa juu mara nyingi hupakwa gundi ya mgunga, ambayo hulainika ikiloweshwa. Kwa watu wa Mombasa, Tanga na Unguja hili linataka tahadhari, maana unyevu wa hewa ya pwani huweza kuzifunga bahasha kabla hazijatumika. Pwani, chagua zenye uzi na kifungo, au zilizoachwa bila gundi ili uzifunge kwa stika.

Kipimo na bitana

Bahasha hutengenezwa kwa ajili ya kilichomo. Karatasi ya A4 iliyokunjwa mara mbili katikati huwa na milimita 105 kwa 148, na bahasha ya C6 yenye milimita 114 kwa 162 huipokea kwa nafasi ya kutosha. Karatasi hiyo ikikunjwa sehemu tatu, huingia kwenye bahasha ya DL yenye milimita 110 kwa 220. Kadi nene huhitaji nafasi zaidi. Kama bahasha itapita posta, isipungue milimita 90 kwa 140, na upande wa anwani uwe na rangi nyepesi au lebo nyeupe. Anwani iliyozama kwenye maua humchelewesha mpokeaji.

Bitana, karatasi ya pili ya ndani, ndiyo pambo ninalolithamini kuliko yote, kwa kuwa huonekana tu bahasha inapofunguliwa. Inapaswa kuwa ndogo kidogo kuliko bahasha na kubandikwa kwenye mfuniko peke yake, ili tabaka mbili ziteleze wakati wa kukunja. Ikibandikwa kote, hukunjamana. Fungua na ufunge mfuniko, uone.

Hukumu

Ukiwa na dakika chache tu mbele ya meza ya fundi, fanya mambo matatu: tia kadi yako ndani, kagua mkunjo unaokata nyuzi, papasa pembe za chini. Bahasha ya kaki iliyopita mitihani hiyo ina thamani zaidi kuliko ya karatasi ya ebru iliyoshindwa. Ukimpata fundi ambaye kazi yake inapita yote, mlipe bei aliyoitaja bila kumbana, na umwambie ulichokiona. Fundi anayejua kwamba mikunjo yake inatazamwa ataendelea kuikunja vizuri.