Shiraz: Jina la Mji na Nasaba za Watu

Yapo majina ya miji yasiyotulia mahali pake, na Shiraz ni mojawapo. Mji wenyewe uko kusini mwa Uajemi, katika jimbo la Fars, bara, mbali na bahari. Lakini jina lake twalikuta katika elimu ya sheria ya Kiislamu, katika mashamba ya mizabibu ya Australia, katika masimulizi ya Kilwa, na katika siasa za Visiwani. Mambo haya hayana udugu. Yafaa basi tujiulize: jina hili linapotokea, linathibitisha nini?

Tuanze huko huko Uajemi. Mwanachuoni Abu Ishaq al-Shirazi, aliyefariki mwaka 1083, ni miongoni mwa nguzo za madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu walio wengi wa pwani yetu. Huyu hakuzaliwa Shiraz, bali Firuzabad. Shiraz alikwenda kusoma, na umaarufu wake mkubwa aliupata Baghdad alikofundisha. Kwa hiyo hata kwao nisba ya mji haikuwa cheti cha kuzaliwa; iliweza kuwa heshima ya elimu.

Mfano wa pili ni wa kilimo. Huko Australia iko zabibu nyeusi iitwayo Shiraz, na kwa muda mrefu walikuwapo waliosadiki kuwa asili yake ni mji huo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu waliupima mzabibu huo wakaona kwamba wazazi wake wawili ni mizabibu ya kusini-mashariki mwa Ufaransa. Jina lilikuwa la Uajemi, mmea ulikuwa wa Ufaransa.

Kwa tahadhari hiyo na tuyasome masimulizi ya Kilwa. Yanaeleza kuwa mfalme wa Shiraz na wanawe sita walisafiri kwa majahazi saba, na kwamba mmoja wao alikinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kukizunguka chote. Msomaji makini hawezi kuacha kustaajabu. Bandari kuu ya Uajemi kwa biashara ya bahari hii ilikuwa Siraf, si Shiraz. Mfanyabiashara wa Siraf angeweza kujitaja kwa bandari yake. Lakini masimulizi yaliuchagua mji wa watawala na wanazuoni. Wahenga walinena: jina jema hung'ara gizani. Na zile nguo nazo zina maana yake: palikuwa na mwenyeji wa kuuza, na mapatano yakafanyika. Masimulizi haya ni hati ya kuhalalisha utawala, na yapaswa kuhakikiwa kwa namna hiyo.

Waandishi wengi wa enzi ya ukoloni hawakuyahakiki hivyo. Kila walipokuta msikiti wa mawe walimtafuta mjenzi mgeni. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974, aliona kuwa watawala hao huenda walitoka pwani ya Banadir, si Uajemi moja kwa moja. Uchimbuaji wa Shanga, katika visiwa vya Lamu, ulionyesha mji uliokua kutoka nyumba za udongo na miti hadi za mawe mikononi mwa wenyeji wake.

Hata hivyo tusivuke mpaka kwa upande wa pili. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani. Upande wa kike karibu wote ulikuwa wa Kiafrika. Upande wa kiume wengi walikuwa na asili ya Uajemi, na mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Basi wazee hawakusema uongo mtupu. Lakini mifupa yasema Uajemi tu, haisemi Shiraz.

Jambo lenye uzito zaidi liko Unguja na Pemba. Huko Mshirazi alikuwa Mhadimu, Mtumbatu, Mpemba: mtu wa kisiwani tangu hapo, asiye Mwarabu wala mgeni wa kutoka bara. Mwaka 1957 chama cha Waafrika na chama cha Washirazi viliungana, na muungano huo ukaja kuitwa Afro-Shirazi Party, chama kilichoungana na TANU mwaka 1977 kuunda Chama cha Mapinduzi. Tazama basi safari ya neno: jina la mji wa ng'ambo limekuwa njia ya mtu kusema, "Mimi ni wa hapa."

Huo ndio utajiri tunaoupoteza tunapobishana kama Washirazi walikuja au hawakuja. Anayelikataa jina hili anawafuta mababu waliokuwapo. Anayeliabudu anawafuta mabibi waliowazaa. Mhakiki wa utamaduni wetu asilichukue jina kama hati ya nasaba. Na aulize ni nani aliyelivaa, mbele ya nani, na kwa haja gani.