Amri Inayokubali Kungoja

Mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, wilayani Kasese, hupata maji kwa mteremko. Mito ya Sebwe na Mubuku huyashusha kutoka milima ya Rwenzori, na tangu miaka ya 1960 maji hayo hugawanywa kwa mifereji na malango. Tuseme mtunga programu ameombwa aendeshe malango hayo kwa kompyuta. Njia ya mkato ni kukifunga kila kitufe kwenye lango lake: bonyeza, lifunguke. Itafanya kazi, hadi siku mtakapotaka mpunga upate maji usiku na vitunguu alfajiri, bila mtu kukesha akibonyeza.

Hapo ndipo ninapoipendea ruwaza ya amri, mojawapo ya ruwaza 23 za usanifu wa programu zilizoelezwa na Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides katika kitabu chao cha mwaka 1994. Amri hufanywa objekti. Ndani yake mna lango linalohusika, kiasi cha kufungua, na kazi moja ambayo amri zote huitikia: tekeleza. Kitufe hakilijui lango, wala lango halimjui aliyebonyeza. Na kwa kuwa amri sasa inashikika, unaipanga foleni, unaiandika daftarini, au unaiunga na nyingine ziwe zamu nzima ya mfereji. Lango jipya likijengwa, kitufe cha zamani hakiguswi.

Kazi ya pili ni tengua, na fundi hujulikana hapa. Katika programu ya kuandikia, amri ya kufuta aya huweka nakala kwanza, ndipo ifute. Ukijuta, aya hurudi ilivyokuwa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ukilifunga lango, maji yaliyokwisha kuingia kwenye vitunguu hayarudi mferejini. Kwa hiyo amri iliyoundwa kwa uangalifu hukumbuka lango lilivyokuwa kabla halijaguswa (lilikuwa wazi nusu, au robo?), hulirudisha pale pale, kisha huacha deni: shamba lililopunjwa lifidiwe kwa amri nyingine zamu ijayo. Mhasibu naye hafuti ingizo lenye kosa. Huandika jingine la kulisahihisha.

Kwa malango mawili na mkulima mmoja, ruwaza hii ni mzigo wa bure. Kwa mfereji wenye wakulima wengi wanaodaiana zamu, ningeanza nayo siku ya kwanza.