Nyundo Iliyopiga Pembeni

Ilikuwa chini kabisa ya kasha la nguo, imefungwa kitambaa cha khaki: bastola ndogo inayoenea kiganjani, kifyatulio chake kinakunjwa kama wembe wa kinyozi. Familia moja ya Mwala, upande wa Wamunyu, ilikuwa ikipanga vitu vya mzee aliyefariki. Walipoiona hawakuichezea wala kuipeleka mahali kwa matatu. Walimpigia chifu. Askari walikuja wakaikagua, wakahakikisha silinda ni tupu, na kabla hawajaondoka nayo mjukuu akaruhusiwa kuipiga picha. Picha hizo ndizo nilizoletewa, pamoja na maswali mawili: ni bastola gani, na ina thamani gani?

Hadithi ya nyumbani ilikuwa imekwisha kujibu swali la kwanza. Susu, yaani bibi, mjane wa marehemu, alisema baba mkwe wake alimnyang'anya Mjerumani bastola hiyo huko Tanganyika, wakati wa Vita vya Kwanza.

Wengi huanza kwa kutafuta jina la mtengenezaji. Mimi huanza na nyundo, kwa sababu jina linaweza kuigwa lakini pigo la nyundo haliongopi. Katika picha ya nne nyundo imevutwa nyuma, na ncha yake ni bapa, imekaa juu ili igonge pembeni mwa tundu la silinda, si katikati. Matundu mawili yana vidonda vidogo ukingoni, alama za mtu aliyekuwa akifyatua silinda ikiwa tupu. Hii ni bastola ya risasi za fataki ya ukingoni: baruti ya kuwashia haikai kwenye kifuniko katikati ya kitako cha risasi, bali imesambazwa ndani ya mkunjo wa ukingo wake. Mfaransa Flobert ndiye aliyeanza ufundi huo mnamo 1845, na mwaka 1857 Smith & Wesson wakautia kwenye bastola yao ya kwanza ya inchi .22.

Ufundi huo una kikwazo chake. Ili nyundo iweze kuponda ukingo, ganda la risasi lazima liwe jembamba, na ganda jembamba halistahimili msukumo mkubwa. Ndiyo maana majeshi yaliuacha mapema. Webley Mk VI, bastola iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1915, ina risasi nene ya .455 yenye fataki katikati. Bastola ya silinda ya jeshi la Ujerumani, ya 1879, ilikuwa ya milimita 10.6, nayo fataki yake ni ya katikati. Hii ya Mwala, kwa kipimo cha rula iliyowekwa kando yake pichani, ni .22. Hakuna jeshi lililompa ofisa wake kitu hiki akapigane nacho. Ni silaha ya mfukoni ya raia, mtu anayeogopa mbwa na wezi. Ofisa angeweza kuwa nayo kama mali yake binafsi, naam, lakini hapo hadithi ya vita inakuwa imebaki na mguu mmoja.

Kisha chapa. Mjukuu alikuwa ameshanunua msasa ili aing'arishe, na namshukuru aliyemzuia, kwani chapa hizi zina kina cha ukucha tu. Kwenye silinda kuna duara la yai lenye herufi ELG, na juu yake taji. Wengi hudhani ELG ni kiwanda. Ni mhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège, Ubelgiji, ambako kila mtutu ulipimwa kwa baruti kali kabla ya kuuzwa. Taji hilo juu ya yai lilianza kutumika 1893. Mpaka wa pili wa miaka yake unatokana na kitu kisichokuwapo: kuanzia 1922 Liège ilipiga pia herufi ndogo ya mwaka, na hapa haipo, ingawa chuma mahali pale hakijaliwa na kutu. Kwa hiyo imejaribiwa kati ya 1893 na 1922. Jina la fundi halimo, na hilo si ajabu. Karakana za Liège zilifyatua bastola za namna hii kwa wingi, nyingi bila jina, zikauzwa kila mahali penye bandari.

Hapa historia ina kejeli yake. Mwaka 1890 mataifa yalitia saini mkataba wa Brussels wa kupinga utumwa, ambao pia ulizuia bunduki za kisasa kuingia Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Nyumba iliyoandaa mkutano na karakana iliyotoa bastola zilikuwa katika nchi moja. Mkataba ulimwachia msafiri mwenye kibali silaha yake binafsi, na wasafiri hawakukosekana Ukambani: Machakos ilikuwa kituo cha utawala hadi 1899, mtawala Mwingereza Ainsworth alipohamia Nairobi pamoja na reli. Mfukoni mwa karani, mfanyabiashara au fundi wa reli, bastola hii ingekuwa nyumbani zaidi kuliko kwenye mkanda wa Mjerumani. Tena Wakamba wengi waliopelekwa Tanganyika walikwenda kama wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps ya Waingereza, wamebeba mizigo, si silaha.

Thamani, basi. Mnunuzi wa vitu vya kale hutazama jina, ukamilifu, ngozi ya chuma na karatasi za kuthibitisha asili. Smith & Wesson ya toleo la kwanza huuzwa kwa maelfu ya dola. Ya Ubelgiji isiyo na jina, yenye nikeli iliyobanduka, aghalabu haizidi dola mia chache. Sheria nazo huikata bei. Marekani huihesabu bunduki kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa 1898 au kabla, na mwaka huo umeangukia ndani ya kipindi chetu, kwa hiyo hatuwezi kumwapia mnunuzi lolote. Uingereza hutazama risasi: .22 bado inauzwa madukani, hivyo haisamehewi kwa uzee. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye silaha awe na cheti, na asiyekuwa nacho asijidanganye kwamba kutu ni kibali. Kwa familia hii bei ya sokoni ni sifuri, na niliwaambia hivyo bila kuzungusha maneno.

Lakini kuna picha ya tisa, niliyoirudia mara nyingi. Kibao cha kushoto cha mshiko ni cha asili, mpira mgumu mweusi wenye michirizi. Cha kulia ni cha mpingo, kimechongwa kwa mkono, na michirizi yake imeigwa kwa subira ya ajabu, mstari kwa mstari. Mnunuzi wa London angekihesabu kuwa kasoro. Mimi nakiona kuwa sehemu pekee ya bastola hii iliyozaliwa Mwala. Uchongaji wa Wamunyu wenyewe unasimuliwa kuwa ulianza na Mutisya Munge, aliyerudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza. Siwezi kusema nani alichonga kibao hiki. Ila kama vita vimo ndani ya bastola hii, nadhani viliingilia upande wa mshiko.

Mjukuu alimsomea susu maelezo yangu. "Susu, haikutoka kwa Mjerumani."

"Basi aliitoa wapi?"

Hakuwa na jibu. Waliichapisha picha ya tisa, na nyuma yake mjukuu akaandika: Liège, kati ya 1893 na 1922, aliyeileta hajulikani. Susu akamwambia aongeze mstari mmoja: baba mkwe wake mwenyewe alisema ni ya vita.