Swali Lilelile

Tangu 2006 Kenya ina hospitali zilizoteuliwa kufuatilia homa ya mafua kwa niaba ya nchi nzima. Hazihesabu kila anayekohoa. Hakuna taifa linaloweza. Kazi yao ni finyu zaidi, na ngumu zaidi: kuuliza swali lilelile kwa maneno yaleyale, wiki baada ya wiki.

Kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha 2014 kinauliza hivi. Mgonjwa amepata homa, au kipimajoto kimesoma nyuzi 38 au zaidi? Anakohoa? Yote yameanza ndani ya siku 10 zilizopita? Hali yake imelazimu alazwe? Akitimiza yote, anaingia kwenye hesabu. Hupitishwa kijiti chembamba chenye pamba puani, kingine kooni, kisha vyote viwili hutumbukizwa kwenye kichupa chenye maji ya kutunzia virusi na kuwekwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 mpaka maabara.

Siku 10 hizo zina ufundi ndani yake. Mtoto aliyekohoa wiki tatu anaumwa kwelikweli na atatibiwa kama wenzake, ila hahesabiwi, kwa kuwa kirusi cha mafua huenda kimeshatoweka puani. Kumwacha nje ya daftari kunataka nidhamu, maana huruma huivuta kalamu. Tabibu mmoja akilegeza kigezo, grafu itapanda bila ugonjwa kuongezeka. Na kigezo chenyewe kikibadilishwa, kama zamani kilipokuwa siku 7, mchambuzi makini huweka alama kwenye grafu: kuanzia hapa tunahesabu vingine.

Idadi peke yake nayo hudanganya. Madaktari wa hospitali za umma walipogoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, wagonjwa waliolazwa walipungua, wala si kwa sababu watu walipona. Ndiyo maana huulizwa pia: katika kila sampuli 100, ngapi zina kirusi? Uwiano huo hauyumbi kirahisi kama idadi.

Ulaya wana baridi yao, wanajua mafua yatabisha hodi lini. Kwetu yapo mwaka mzima, na vilele vyake huhamahama. Anayetaka kujua kama Juni hii ni ya kawaida hana kalenda ya kuegemea. Ana miaka iliyopita tu, kama iliandikwa vizuri.

Kwangu mimi, ustadi wa juu kabisa uko kwenye wiki tulivu. Kituo kisicho na mgonjwa hutuma sifuri, na sifuri iliyoandikwa ni habari. Nafasi iliyoachwa wazi si kitu. Mfano ni ukoo wa Yamagata wa mafua aina ya B, uliokuwa miongoni mwa virusi vinne vilivyolengwa na chanjo. Tangu Machi 2020 hakuna maambukizi yake ya asili yaliyothibitishwa popote. Maabara za mtandao wa dunia ulioanzishwa 1952, ambao Kenya imo, ziliendelea kuutafuta na kuukosa, zikiandika kila mara kwamba zimeukosa. Septemba 2023 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakashauri uondolewe kwenye chanjo. Wasingethubutu, kama maabara zingechoka kuandika matokeo yasiyo na kitu.