Barabara ya Mkoa ni ya Nani? Uhakiki wa Istilahi za Ngazi za Barabara

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma hupita Mbande kabla hajaingia mjini. Hapo huiona njia inayopinda kuelekea Kongwa na Mpwapwa. Akiifuata, atakutana na njia nyingine ndogo ziendazo makao ya tarafa, kata na vijiji. Kwa macho yake zote ni barabara, tena zote ni za Serikali. Lakini kwa mujibu wa sheria amekwisha kupita katika mafungu kadhaa yaliyo mbalimbali, na kila fungu lina msimamizi wake na fedha zake. Makala haya hayana nia ya kuihukumu sheria hiyo, bali yanachunguza maneno ya Kiswahili ambayo kwayo mafungu hayo hutajwa katika barua, matangazo na vikao, na kuuliza kama maneno hayo yanamfikishia mwananchi maana iliyokusudiwa.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni barabara za kitaifa, nazo ni barabara kuu, ambazo aghalabu huunganisha makao makuu ya mikoa au huvuka mpaka wa nchi, pamoja na barabara za mikoa, ambazo huunganisha barabara kuu au makao makuu ya mkoa na makao makuu ya wilaya. Kundi la pili ni barabara za wilaya. Hizi zimegawanywa mara tatu: zile ziendazo makao ya tarafa huitwa barabara za mkusanyo, zile za ngazi ya kata huitwa mahali pengine barabara za mlisho na mahali pengine barabara za mjazio, na zile za kijiji huitwa barabara za jamii. Kundi la kwanza husimamiwa na TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kundi la pili lilikuwa mikononi mwa halmashauri hadi mwaka 2017, ilipoanzishwa TARURA.

Msomaji na atazame jambo moja la ajabu. Barabara ya mkoa ni barabara ya kitaifa. Si mali ya mkoa, wala haitengenezwi kwa amri ya Mkuu wa Mkoa. Kosa hapa si la neno “mkoa”, bali ni la kiunganifu -a, ambacho katika Kiswahili hubeba mizigo mingi kwa wakati mmoja. “Shamba la kijiji” ni mali ya kijiji. “Barabara ya Kondoa” ni ile iendayo Kondoa. “Hospitali ya rufaa” ni ile iliyowekwa kwa kazi hiyo. Mwananchi akisikia “barabara ya mkoa” hana budi kuchagua mojawapo ya maana hizo, na maana iliyo karibu naye mno ni ile ya umiliki. Hivyo hupeleka malalamiko yake mkoani. Kadhalika, akisikia “barabara ya wilaya” huyapeleka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ambaye leo hana budi kumwelekeza kwingine.

Utata huu unazidi katika jina la chombo kinachojadili mambo haya, yaani “Bodi ya Barabara ya Mkoa”. Kwa kuwa “bodi” na “barabara” ziko katika ngeli moja, maneno “ya mkoa” yaweza kufungamana na lolote kati ya hayo mawili. Je, ni bodi ya mkoa inayoshughulikia barabara zote, au ni bodi inayoshughulikia barabara za mkoa peke yake? Jibu sahihi ni lile la kwanza, lakini sarufi hailisemi. Tukiandika “Bodi ya Mkoa ya Barabara” tutakuwa tumeondoa utata wote bila ya kuongeza hata neno moja.

Sasa tugeukie sitiari. Barabara kuu zinazokutana Dodoma hutambulishwa kwa namba T3 na T5. Herufi hiyo ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya shina la mti. Aliyeandika “kuu” kwa Kiswahili aliiacha taswira ya shina na akashika maana yake, na alifanya vema, kwa sababu kila mtu anaelewa. Lakini mfasiri alipofika ngazi za chini alibadili mwenendo. Akaacha maana na kufuata taswira: barabara ndogo “inailisha” kubwa, basi ikawa ya “mlisho”. Katika uwanda wa kati, ambako Wagogo na majirani zao ni wafugaji wa tangu na tangu, neno lenye mzizi wa “lisha” huleta akilini ng’ombe na nyasi. Mtu akiambiwa kwamba barabara ya mlisho itapita karibu na shamba lake, hatakosea sana akidhani ni mapito ya mifugo kwenda malishoni. “Mjazio” nao hauna nafuu. Unajaza nini? Tena kuwapo kwa majina mawili kwa kitu kimoja ni kasoro ambayo peke yake ingetosha kulirudisha jambo hili mezani.

Kasoro iliyo na madhara makubwa zaidi, hata hivyo, imo katika usemi “kupandisha hadhi”. Kwa maana ya kiofisi, barabara ikipandishwa hadhi huwa imehamishwa kutoka fungu moja kwenda jingine, kama vile kutoka wilaya kwenda mkoa. Lakini usemi “kupandisha kiwango” hutumika kwa kuondoa udongo au changarawe na kuweka lami. Hadhi na kiwango, masikioni mwa mwananchi, ni ndugu wa tumbo moja. Hutangaziwa kwamba barabara yao imepandishwa hadhi, nao hungoja lami.

Historia ya Dodoma yatuonyesha jinsi mambo haya mawili yalivyo mbalimbali. Barabara ya kutoka Iringa kuja Dodoma kupitia Mtera, yenye urefu wa kilometa 260 hivi, na ile ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, zilikuwa barabara kuu kwa miaka mingi huku sehemu kubwa ikiwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Lami ya kwenda Babati ilizinduliwa mwaka 2018 tu. Kwa upande mwingine, barabara za ndani za Mji wa Serikali pale Mtumba zina lami, nazo zilijengwa chini ya TARURA. Cheo hakileti lami, wala lami haileti cheo.

Tena kupanda kwa cheo kuna matokeo ambayo neno “hadhi” linayaficha. Hifadhi ya barabara kuu na ya mkoa ina upana wa mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati, ambapo zamani ilikuwa mita 22.5. Barabara za ngazi za chini zina hifadhi nyembamba zaidi. Kwa hiyo barabara inapopanda, nyumba iliyokuwa nje ya hifadhi yaweza kujikuta ndani. Kinachoweza kutangulia si lami, bali ni alama ya X ukutani, na rangi yake, nyekundu au kijani, ndiyo imwambiayo mwenye nyumba kama atalipwa fidia. Na neno “hifadhi” lenyewe humpeleka mtu Ruaha na Tarangire, kwa wanyama, wala halimwambii kwamba ni kipande cha ardhi mbele ya mlango wake.

Kwa hayo, natoa mapendekezo yafuatayo ili yajadiliwe.

Kwanza, cheo cha barabara kitajwe kwa neno “ngazi”: barabara ya ngazi ya mkoa, ya ngazi ya tarafa, ya ngazi ya kata, ya ngazi ya kijiji. Neno hili limekwisha kuzoeleka serikalini. Wako watakaopenda “daraja”, lakini “barabara ya daraja la mkoa” itamfanya msomaji atafute mto. Nakiri kwamba pendekezo hili lina upungufu mijini, ambako sheria hutazama mwendo wa magari kuliko makao ya utawala. Huko “mkusanyo” waweza kubaki, kwa kuwa barabara hiyo kweli hukusanya magari ya mitaani, na “mlisho” uachie nafasi “barabara ya mitaa”.

Pili, tuseme “kupandisha ngazi” tunapohamisha fungu, na “kuweka lami” tunapoweka lami. Maneno “hadhi” na “kiwango” yasitumike bila ya kufafanuliwa.

Tatu, “ukanda wa barabara” ushike mahali pa “hifadhi ya barabara”.

Nne, kila tangazo litaje mambo matatu kwa maneno matatu yaliyo mbalimbali: ngazi ya barabara, msimamizi wake, na hali ya uso wake.

Huenda wengine wakasema kwamba istilahi zilizokwisha kuingia katika majalada zisiguswe. Hoja hii ilikuwa na nguvu wakati sheria ziliposomwa kwa Kiingereza na Kiswahili kikawa mkalimani wa pembeni. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria, na sheria za zamani zinapaswa kutafsiriwa. Neno litakaloingia humo litasomwa na hakimu kama lilivyo. Baraza, lililopewa kwa sheria ya mwaka 1967 kazi ya kusimamia maendeleo ya Kiswahili, lingefaa kuwakutanisha wafasiri wa sheria na wahandisi mapema. Na kabla ya kupitisha neno lolote, mwenyekiti wa kijiji kimoja cha Chemba au Bahi asomewe tangazo, kisha aulizwe: hii barabara ni ya nani, na barua yako utaipeleka wapi?