Tope Si Kipimo: Dawa ya Maji, kutoka Ndoo hadi Bomba la Same

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, na maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu yakapata njia ya kufika Same, mji ambao kwa miaka mingi ulihesabu madumu. Aliyezoea maji ya mfereji kutoka milimani, Chome au Mbaga, akinywa ya bomba husikia kwanza harufu ya dawa. Swali linalofuata ni la haki kabisa: dawa hiyo ikishaua vijidudu, inaacha nini?

Inaacha kitu. Mwaka 1974 mkemia Johannes Rook wa Rotterdam alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya majani na mimea yaliyoyeyuka majini, huzaa klorofomu na ndugu zake watatu wenye bromini. Wote wanne huitwa trihalomithani. Anayezinywa kwa wingi, miaka na miaka, ndiye anayehofiwa kupata madhara, hasa saratani ya kibofu. Kipindupindu hakisubiri miaka. Kinaweza kuua ndani ya saa chache. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu yeyote aache dawa ya maji. Ninachotaka ni ipimwe.

Nchini kwetu imewahi kupimwa, tena vizuri. Mwaka 2010 mtafiti Daniele Lantagne na wenzake walichapisha uchunguzi wa vidonge vya klorini katika maji ya vyanzo sita vya Tanzania. Nguvu ya kazi ile ilikuwa katika uchaguzi wa maji. Hawakutafuta maji mazuri. Walichukua yale watu wanayokunywa, kuanzia angavu ya NTU 0.6 (NTU ni kipimo cha tope) hadi tope zito la NTU 888.5. Wakatia dawa, kisha wakapima baada ya saa 1, saa 8 na saa 24. Saa hizo ni maisha ya ndoo yenyewe: mama ametia dawa na mtoto ana kiu, ndoo imelala usiku kucha, ndoo inamalizika kesho yake.

Hakuna sampuli iliyovuka kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Hata ile ya tope.

Matokeo hayo yanashangaza, lakini sababu inaeleweka. Tope ni udongo zaidi, na chembe za madini hazizai klorofomu. Kinachoizaa ni uozo wa mimea ulioyeyuka, ule unaoyapa maji rangi ya chai iliyopoa. Maji yanaweza kupita katika kitambaa, yakaonekana masafi, na malighafi yote ikabaki ndani. Uchunguzi huohuo ulijaribu kitambaa, mchanga, chujio la udongo na kutuamisha: hakuna njia iliyosaidia kupunguza trihalomithani. Bado tunachuja, kwa sababu tope hula klorini na kuficha vijidudu. Ila jicho halitoshi kuwa kipimo.

Upimaji wenyewe unaharibika mapema, hata kabla ya maabara. Trihalomithani ni kama petroli: ukiacha nafasi ya hewa, zinapaa. Chupa ya kioo ya mililita 40 hujazwa hadi ukingoni na kufungwa bila kiputo hata kimoja. Ndani yake hutangulizwa sodiamu thayosalfeti au vitamini C, kuua klorini iliyobaki. Bila hivyo klorini huendelea kuzaa ndani ya chupa njiani, na maabara hupima safari badala ya bomba. Kisha barafu, kwenye nyuzi 4, na ndani ya siku 14 isomwe kwa mashine ya kromatografia ya gesi. Kipimo cha rangi ya waridi anachobeba fundi wa maji husoma klorini iliyobaki tu. Kuhusu trihalomithani hakisemi lolote.

Halafu kuna hesabu, na hapa wengi hukosea. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa klorofomu ni mikrogramu 300 kwa lita, bromodikloromithani 60, na mbili zilizobaki 100 kila moja. Lakini hazisomwi kila moja peke yake. Tuseme klorofomu ni 90, bromodikloromithani 30, dibromokloromithani 20 na bromofomu 5. Kila moja iko chini ya kiwango chake. Gawanya kila moja kwa kiwango chake, jumlisha: 0.3, 0.5, 0.2 na 0.05, jumla 1.05. Imepita 1, maji hayo hayakidhi.

Sasa Same. Matokeo ya ndoo hayawezi kuhamishiwa bombani. Ndoo huisha kwa siku. Maji ya bwawa husafiri kilomita nyingi, hulala matangini, chini ya jua la tambarare, na joto na muda vyote huongeza trihalomithani. Mwani wa bwawa hupandisha pH mchana, na klorini katika pH 8.5 hubakiwa na takriban sehemu moja tu kati ya kumi katika umbo lake kali. Fundi analazimika kuongeza dozi wakati pH hiyohiyo inachochea klorofomu. Bonde la bwawa hili lina maji ya chumvichumvi pia, kwa hiyo bromidi ipimwe mapema, maana ndiyo inayoelekeza mchanganyiko kwenye bromodikloromithani, ile ya kiwango cha 60.

Dawa ya tatizo inajulikana: gandisha kwanza uozo ulioyeyuka ili ushikane, kisha uchuje, klorini ije mwisho, isitiwe maji yakiwa bado mabichi. Na ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapokinga. Chupa ya kwanza ningeijaza maji yanapotoka mtamboni, ya pili kwenye tangi, ya tatu kwenye bomba la mwisho kabisa la mtandao, alasiri ya Februari. Kisha tena zote tatu wiki ya kwanza ya masika, mito inapoyashusha majani bwawani.